Kuwasilisha Kazi kwenye Kongamano la Sayansi ya Data na Akili Unde Zinazomzingatia Binadamu: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila msimu wa makongamano unapokaribia, wanaowasilisha kwa mara ya kwanza huuliza maswali yaleyale: nianze na modeli (programu iliyofunzwa kwa data ili itabiri jambo) au na watu niliowahoji, nionyeshe jedwali lipi, nijibu nini nikiulizwa jambo ambalo sikulipima, na je, naruhusiwa kuweka picha ya mshiriki kwenye slaidi? Nimeyajibu mara nyingi kwa mdomo, na sasa nimeona ni afadhali majibu yakae mahali pamoja, kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe tangu siku unapopokea barua ya kukubaliwa hadi swali la mwisho ukumbini.

Makongamano haya hukutanisha watu wasiotumia lugha moja ya kitaalamu. Katika safu moja ya viti unaweza kumkuta mhandisi wa modeli, mwanaanthropolojia, mbunifu wa violesura, mwanasheria, na ofisa anayetaka kujua kama mfumo wa namna hiyo unafaa kuaminiwa kazini kwake. Wote hao wamekuja na swali moja: mfumo huu unamgusa nani, na unamgusaje? Kwa hiyo anayewasilisha ana deni kwa pande mbili. Upande wa kwanza ni wasikilizaji walioketi mbele yake. Upande wa pili ni watu waliompa data, muda na maelezo yao, ambao kwa kawaida hawamo ukumbini, hawawezi kunyoosha mkono ili kusahihisha, na wanaweza kuumizwa na slaidi moja iliyowekwa bila kufikiri. Sehemu kubwa ya ushauri ulio hapa chini inatokana na deni hilo la pili, kwa sababu ndilo linalosahaulika.

Ili maelezo yasiwe ya jumla mno, nitatumia mfano mmoja wa kubuni. Tuseme umetengeneza modeli inayotabiri ni wagonjwa gani watakosa miadi yao ya kliniki, kisha ukawahoji wauguzi 14 wa mapokezi na wagonjwa 22 ili kujua namna utabiri huo unavyotumika na unavyowaathiri. Namba zote za mfano huu nimezitunga kwa ajili ya kufundishia.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Maelekezo ya waandaaji: aina ya wasilisho (la mdomo, bango, onyesho au warsha), dakika ulizopewa, uwiano wa slaidi, tarehe ya mwisho ya kupakia faili, na kama kikao kitarekodiwa au kurushwa mtandaoni.
- Makala yako ya mwisho pamoja na maoni ya wahakiki. Maoni hayo ndiyo dalili bora uliyonayo ya maswali utakayoulizwa.
- Kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, na fomu ya ridhaa yenyewe waliyosaini washiriki.
- Matokeo ya modeli kwa hesabu kamili, yaani ni watu wangapi waliotabiriwa hivi na wangapi waliotabiriwa vile, wala si asilimia peke yake.
- Jedwali linaloonyesha washiriki kwa makundi yanayohusika na utafiti wako.
- Kompyuta, adapta ya projekta, flashi, na nakala ya slaidi katika PDF.
- Mtu mmoja asiye wa fani yako aliye tayari kukusikiliza mara mbili. Huyu ni muhimu kuliko programu yoyote ya kutengenezea slaidi.

Hatua ya 1: Soma tena fomu ya ridhaa

Wengi huiruka hatua hii kwa kuwa fomu zilikwisha kusainiwa zamani. Isome leo neno kwa neno, ukijiuliza mshiriki alikubali nini hasa. Kukubali kuhojiwa si kukubali sauti yake ichezwe mbele ya ukumbi uliojaa watu, na kukubali kunukuliwa kwenye makala si kukubali picha yake ionyeshwe kwenye skrini ambayo wasikilizaji wataipiga picha kwa simu zao na kuisambaza. Kama fomu haikutaja mawasilisho ya hadhara, una njia mbili tu: kumrudia mshiriki na kuomba ridhaa mpya kwa maandishi, au kuiacha picha hiyo.

Onyo: usitegemee mstari mweusi uliochorwa juu ya macho. Nguo, beji ya kazi, mandhari ya nyuma au kovu mkononi vinatosha kumtambulisha mtu kwa wale wanaomfahamu, na hao ndio ambao mara nyingi mshiriki hataki wamtambue. Hali ni hiyohiyo kwa picha za skrini za mfumo. Tengeneza akaunti ya majaribio yenye majina ya kubuni, kwa sababu kufifisha rekodi halisi huacha mabaki ambayo hukuyaona: namba ya simu pembeni, tarehe ya kuzaliwa ndani ya kisanduku, au jina kamili la faili juu ya dirisha.

Hatua ya 2: Andika sentensi moja inayomtaja mtu

Kabla ya kufungua programu ya slaidi, andika sentensi moja yenye mambo matatu: mtu anayeathirika, uamuzi unaofanyika, na jambo mlilogundua. Sentensi kama "tumetengeneza modeli mpya ya kutabiri ukosaji wa miadi yenye usahihi wa hali ya juu" haina mtu hata mmoja ndani yake. Ilinganishe na hii: "Muuguzi wa mapokezi anayepanga foleni ya kesho huufuata utabiri wetu kwa wagonjwa asiowafahamu, lakini huupuuza kwa wale anaowafahamu, na mara nyingi anakuwa na sababu nzuri ya kuupuuza." Anayeisikia sentensi hiyo ya pili anajua mara moja ni kazi ya nani inayozungumziwa, na tayari ana swali la kuuliza.

Msomee sentensi yako yule msikilizaji asiye wa fani yako, zungumzeni mambo mengine kwa dakika kumi, kisha mwombe airudie kwa maneno yake. Akishindwa, rekebisha sentensi na umjaribu tena. Usihamie hatua ya tatu kabla hajaweza.

Hatua ya 3: Gawanya dakika

Tuseme umepewa dakika 15, tatu kati yake zikiwa za maswali. Zilizobaki 12 unaweza kuzigawa hivi: 2 kwa watu na tatizo lao, 2 kwa data na mbinu, 5 kwa matokeo, 2 kwa maana yake na mipaka yake, na 1 ya akiba. Dakika ya akiba usiijaze na chochote, kwa sababu italiwa na kupanda jukwaani, kuunganisha kompyuta na kusubiri watu wakae.

Kosa ninaloliona kuliko mengine yote katika hatua hii ni kutumia dakika nne za mwanzo kueleza historia ya tafiti zilizotangulia. Waliokuja kukusikiliza wanaweza kuisoma sehemu hiyo kwenye makala. Taja kazi moja au mbili ambazo bila hizo yako isingeeleweka, kisha endelea.

Hatua ya 4: Eleza data ilikotoka, na lebo inasimama badala ya nini

Msikilizaji wa fani hii haridhiki kuambiwa kwamba mlitumia rekodi nyingi. Slaidi ya data ijibu ni nani waliomo, ni nani waliokosekana na kwa nini, ni nani aliyetia lebo na kwa malipo gani, na lebo yenyewe, yaani jibu ambalo kila rekodi imepewa na ambalo modeli hujifunza kulitabiri, inasimama badala ya kitu gani. Ukitaka orodha kamili ya kujiuliza, tumia nyaraka za maelezo ya seti za data zilizopendekezwa na Timnit Gebru na wenzake mwaka 2018, pamoja na kadi za maelezo ya modeli zilizopendekezwa na Margaret Mitchell na wenzake mwaka 2019. Zijaze kwanza, kisha chagua yanayotosha slaidi moja.

Swali la lebo linahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa hapo ndipo madhara makubwa hujificha ndani ya hesabu iliyofanywa kwa usahihi kabisa. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Ziad Obermeyer na wenzake kuhusu algorithimu iliyotumika Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Algorithimu hiyo ilitabiri gharama za matibabu, na gharama hizo zikachukuliwa kuwa kipimo cha ukubwa wa ugonjwa. Kwa kuwa fedha zilizotumika kuwatibu wagonjwa Weusi zilikuwa kidogo kuliko zilizotumika kwa wagonjwa Weupe wenye hali sawa ya kiafya, wagonjwa Weusi walionekana wazima kuliko walivyokuwa. Watafiti walikadiria kwamba kuondoa kasoro hiyo kungepandisha sehemu ya wagonjwa Weusi miongoni mwa wanaopata msaada huo kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5.

Sasa rudi kwenye mfano wetu. Rekodi inaposema mgonjwa "alikosa miadi", huenda alifika akiwa amechelewa akarudishwa nyumbani, au huenda kliniki yenyewe iliahirisha siku bila kumjulisha. Kama wauguzi walikueleza hivyo kwenye mahojiano, hilo ni tokeo la utafiti, nalo linastahili kusemwa kwa sauti ukumbini badala ya kufichwa kwenye tanbihi.

Hatua ya 5: Onyesha namba kwa hesabu ya watu

Hapa ndipo wasilisho hupata au hupoteza imani ya ukumbi, kwa hiyo tuliangalie kwa kina.

Chukua miadi 1,000, ambayo 100 kati yake ilikosa wagonjwa. Modeli yako iliwatilia shaka wagonjwa 150. Kati yao 60 kweli hawakuja, na 90 walikuja. Maana yake ni kwamba modeli iliwakosa 40 ambao hawakuja, na iliwatabiri kwa usahihi 810 waliokuja. Usahihi wa jumla ni 60 na 810, yaani 870 kati ya 1,000, au asilimia 87. Lakini mtu asiye na modeli yoyote, anayesema tu "wote watakuja", anapata asilimia 90. Ukiweka asilimia 87 peke yake kwa herufi kubwa katikati ya slaidi, msikilizaji makini atakuuliza modeli yako inaongeza nini, na huenda ukakosa jibu mbele ya watu.

Kwa hiyo ziweke zile namba nne zenyewe, katika jedwali la safu mbili na safuwima mbili, na umpe kila mtu aliyemo haki yake: 60 waliotambuliwa, 40 ambao modeli iliwakosa, 90 walioshukiwa bure, na 810 ambao hawakusumbuliwa. Kisha eleza mfumo unawafanyia nini wale 90. Kama kliniki huwatumia ujumbe wa kuwakumbusha, kosa hilo limewagharimu ujumbe mmoja wa ziada. Kama kliniki huipa nafasi yao mtu mwingine, basi watu 90 waliofika kwa wakati watakuta wengine wameshawekwa kwenye saa yao. Modeli ni ileile na namba ni zilezile, ila kitendo kinachofuata kimebadilisha ukubwa wa dhara. Ukiweza kulieleza hilo kwa dakika moja, ukumbi mzima, wahandisi na wasio wahandisi, utakuwa nawe.

Baada ya hapo, gawanya matokeo kwa makundi. Wastani huficha mengi. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo mitatu ya kibiashara ya kutambua jinsia kwa sura, wakakuta kwamba makosa kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yalifikia asilimia 34.7, ilhali kwa wanaume wenye ngozi nyeupe hayakuzidi asilimia 0.8. Asingeyaona hayo mtu aliyetazama wastani peke yake. Katika mfano wetu, uliza wale 90 walioshukiwa bure ni akina nani: ni wanaoishi mbali, ni wazee, au ni wasio na simu? Kama kundi fulani lina watu wachache mno kiasi kwamba namba yake haitegemeki, sema hivyo, na uonyeshe idadi yenyewe badala ya asilimia.

Onyo: usibadili hesabu ndogo za mahojiano kuwa asilimia zenye desimali. Wauguzi 10 kati ya 14 ni "10 kati ya 14". Ukiandika "asilimia 71.4" umewapa wasikilizaji hisia ya upimaji ambao haukufanyika.

Hatua ya 6: Nukuu washiriki bila kuwaanika

Chagua nukuu mbili au tatu, fupi, na angalau moja iwe ya mshiriki asiyekubaliana na hitimisho lako. Anayeonyesha sauti za wanaomuunga mkono pekee hutiliwa shaka, na anakuwa amewatumia washiriki wake kama mapambo.

Jihadhari na maelezo unayoyaweka chini ya nukuu. Mwaka 2000, kwa kutumia data za sensa ya Marekani ya 1990, Latanya Sweeney alikadiria kwamba asilimia 87 ya wakazi wa nchi hiyo wangeweza kutambulika kwa mambo matatu tu: msimbo wa posta, jinsia na tarehe kamili ya kuzaliwa. Slaidi inayosema "muuguzi wa kike, miaka 52, kitengo cha macho" haina jina, lakini wenzake wa kazi wataisoma na kumjua papo hapo. Andika "muuguzi, uzoefu wa zaidi ya miaka kumi" na inatosha.

Kama mahojiano yalifanyika kwa lugha moja na wasilisho ni la lugha nyingine, weka maneno ya asili juu na tafsiri chini yake, na useme ni nani aliyetafsiri. Wapo watakaokushauri uondoe maneno ya asili ili kuokoa nafasi. Mimi nakusihi uyaache, kwa kuwa ndiyo maneno aliyoyasema mtu yule, na ukumbini huenda yumo anayeielewa lugha hiyo na anayeweza kukuonyesha kwamba tafsiri yako imepungua.

Hatua ya 7: Tengeneza slaidi zinazosomeka na wote

Slaidi 10 hadi 12 zinatosha kwa dakika 12. Kila moja iwe na kichwa kinachosema jambo, kwa mfano "Wauguzi huupuuza utabiri kwa wagonjwa wanaowafahamu", badala ya neno moja kama "Matokeo". Maandishi yasipungue pointi 24.

Usitegemee rangi nyekundu na kijani kutofautisha makundi kwenye grafu. Katika jamii zenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban mwanaume 1 kati ya 12 ana aina fulani ya upungufu wa kuona rangi, na wa nyekundu na kijani ndio ulioenea zaidi. Ongeza maumbo tofauti au andika jina la kundi pembeni mwa mstari wake. Miongozo ya WCAG, ya kufanya maudhui ya mtandaoni yafikiwe na watu wenye ulemavu, hutaka mkolezo (uwiano wa mwangaza) kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma usipungue 4.5 kwa 1, au 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa, na zipo zana za bure za kuupima. Kila unapofika kwenye grafu, itaje kwa maneno: mhimili wa chini ni nini, wa wima ni nini, na jicho litazame wapi. Asiyeona skrini vizuri atakufuata kwa sikio, na anayeona atashukuru pia.

Hatua ya 8: Sema mipaka pale inapohusika

Desturi ya kuweka slaidi moja ya mipaka mwishoni, ikasomwa kwa haraka huku mwenyekiti akiinua kadi ya muda, haimsaidii mtu. Taja kila mpaka kando ya tokeo linalohusika nao. Unapoonyesha mahojiano ya wagonjwa 22, sema hapohapo kwamba wote walipatikana kliniki, kwa hiyo waliokwisha kuacha kuja kabisa hawakusikika, ilhali hao ndio modeli inawahusu kuliko wengine. Tofautisha pia yaliyojaribiwa maabara na yaliyotumika kweli. Kama mfumo haujawahi kuguswa na muuguzi akiwa kazini, usitumie kitenzi kinachoashiria kwamba umewahi.

Hatua ya 9: Fanya mazoezi mara tatu, kila moja kwa lengo lake

Mara ya kwanza fanya peke yako, kwa sauti, ukipima saa. Kusoma kimya hudanganya, kwa kuwa jicho hukimbia kuliko ulimi. Mara ya pili fanya mbele ya mwenzako wa fani, ukimwomba atafute makosa ya hesabu na ya mbinu. Mara ya tatu fanya mbele ya yule asiye wa fani, umwombe anyooshe mkono kila anaposikia neno asilolijua. Sentensi za kufungulia na za kufungia zikariri. Zilizo katikati uzijue kwa maana tu, maana wasilisho lililokaririwa lote huvunjika pale neno moja linapopotea.

Hatua ya 10: Siku yenyewe

Fika kabla kikao hakijaanza, jitambulishe kwa mwenyekiti, mfundishe kutamka jina lako, na umuulize atakuonyeshaje dakika zilizobaki. Jaribu faili yako kwenye kompyuta ya ukumbi, hasa video na herufi maalumu. Kama umeweka slaidi usizotaka zipigwe picha, ziwekee alama kwenye kona na useme kwa mdomo pia, mwanzoni kabisa. Tumia kipaza sauti hata kama sauti yako ni kubwa, kwa kuwa anayetumia kifaa cha kusaidia kusikia na anayefuatilia kwa mtandao hukitegemea kipaza sauti hicho.

Hatua ya 11: Kujibu maswali

Sikiliza swali hadi mwisho, lirudie kwa ufupi kwenye kipaza sauti, kisha jibu kwa nusu dakika. Maswali yafuatayo huja karibu kila mara, kwa hiyo yaandalie majibu:

- Je, washiriki walilipwa, na wangeweza kukataa bila kupoteza huduma?
- Ni nani anayefaidika mfumo huu ukitumika, na ni nani anayebeba makosa yake?
- Je, mlirudisha matokeo kwa washiriki, nao walisema nini?
- Kwa nini modeli, na si suluhisho rahisi kama kubadili saa za kliniki?

Swali la nne huwaudhi wengi, nami naliona kuwa bora kuliko yote. Usilijibu kwa kujitetea. Kama mlilifikiria, eleza mlivyolipima. Kama hamkulifikiria, sema hivyo. "Hatukulipima hilo" ni jibu kamili, na linaheshimika kuliko kubahatisha ukiwa umesimama mbele ya watu.

Kama umepewa bango

Hatua nyingi za juu hubaki zilezile. Ukubwa wa A0, unaotumika sana, ni milimita 841 kwa 1,189, lakini thibitisha na waandaaji kama bango ni la wima au la ulalo kabla ya kuchapisha. Ile sentensi ya hatua ya pili iwe juu kwa herufi zinazosomeka kutoka mita kadhaa, na lile jedwali la namba nne liwe katikati. Andaa maelezo ya dakika moja na mengine ya dakika tano, na umuulize anayesimama mbele yako anataka yapi.

Mambo yakikwama

*Projekta imegoma.* Endelea kuzungumza. Anza na sentensi yako ya hatua ya pili, kisha eleza mfano wa miadi 1,000 kwa mdomo. Hesabu zile hueleweka bila picha. Ndiyo maana nimekushauri uzijue kwa maana.

*Muda umepunguzwa kutoka dakika 15 hadi 10.* Usiongeze kasi ya kusema. Ondoa slaidi nzima ya mbinu na uwaelekeze kwenye makala. Usiondoe washiriki wala mipaka.

*Onyesho la moja kwa moja limekwama, au mfumo umetoa jibu la aibu.* Kuwa na video fupi iliyorekodiwa mapema. Mfumo ukitoa jibu baya mbele ya watu, usilipuuze wala usilicheke: lisome, sema ni kosa la aina gani na lingemfanyia nini mtumiaji halisi, kisha endelea.

*Mtu anatoa hotuba badala ya swali.* Mshukuru, chagua sehemu moja uliyoielewa, ijibu, na mpendekezee mzungumze baada ya kikao. Mwenyekiti yupo kukusaidia, kwa hiyo mtazame.

*Unaombwa data ghafi.* Rudi kwenye fomu ya ridhaa. Kama washiriki hawakukubali data zishirikiwe, jibu ni hapana, hata kama anayeomba ni mtu mashuhuri. Mpe muhtasari wa makundi au mpangilio wa dodoso.

*Mshiriki wako, au mtu wa taasisi uliyoitafiti, yumo ukumbini.* Usimwoneshe kwa kidole wala kumtaja, hata kwa nia ya kumshukuru. Mfuate baadaye faraghani na umuulize kama ulilieleza vizuri jambo lake.

*Umegundua kosa la hesabu usiku wa kuamkia wasilisho.* Rekebisha slaidi, na useme waziwazi ukumbini kwamba namba hii inatofautiana na iliyo kwenye makala na kwa nini. Siku hiyohiyo waandikie waandaaji kuomba utaratibu wa kusahihisha makala iliyochapishwa. Kama kosa linagusa tokeo ulilokwisha kuwarudishia washiriki, waandikie na wao, kwa lugha waliyohojiwa nayo.